Kijito Kisichopimwa Hujengewa kwa Kukisia

Mafuriko yakishapita kwenye kijito cha mashambani, mtambo wa kwanza kufika huwa ni katapila. Linapanua mkondo, linanyoosha kona, linasukuma udongo pembeni uwe tuta, na watu wanashusha pumzi. Kipimamvua hakiletwi. Ubao wa kusomea kina cha maji nao hauletwi. Mwaka ukiisha bila maji kuvuka kingo, kazi inahesabiwa kuwa imefaulu, ingawa pengine ni mvua kubwa tu ambayo haikunyesha. Siku inaponyesha, tuta linapasuka au maji yanamhamia jirani wa chini, na kikao kinachofuata kinaamua tuta liongezwe kimo.

Ninachodai ni hiki: katika kidakio kidogo cha kijijini, yaani lile eneo lote ambalo mvua yake hushukia kijito kimoja, fedha za kwanza za kuzuia mafuriko ziende kwenye kupima. Kupimwe mvua inayonyesha, maji yanayopita, na muda unaotenganisha hivyo viwili. Hayo yafanyike kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji. Najua jibu linalotolewa kila mara, kwamba anayefurikiwa hana muda wa kungoja utafiti, na nitalifikia. Kwanza tuangalie nini hutokea utafiti unaporukwa.

Mto mkubwa una bahati yake. Una vituo vya kupimia, una kumbukumbu za miongo, na mafuriko yake huchukua siku kadhaa kushuka kutoka milimani, hivyo watu wa chini huonywa. Kijito chenye kidakio cha kilomita za mraba kumi au ishirini hakina hata kimoja cha hivyo. Mvua inanyesha juu saa tisa alasiri, na kabla ya magharibi maji yamekwisha kufika, yamepita, yameondoka na kalavati. Kumbukumbu pekee ni mistari ya matope ukutani na maneno ya wazee. Mhandisi anayepewa kazi ya kukidhibiti hana data, kwa hiyo anafanya kile ambacho wahandisi wote wa dunia hufanya: anakopa namba.

Kukopa kwenyewe si kosa, maana bila kukopa hakuna kalavati hata moja lingejengwa. Lakini tuangalie mikopo hiyo ilitoka wapi. Kanuni inayotumika zaidi kwa vidakio vidogo iliandikwa mwaka 1851 na mhandisi wa Ireland, Thomas Mulvany: unazidisha ukali wa mvua kwa ukubwa wa eneo, kisha kwa namba iliyo kati ya 0 na 1 inayosema ni sehemu gani ya mvua itakayotiririka. Ni rahisi na ina mantiki. Ila ile namba ya kati ya 0 na 1 hutoka kwenye jedwali, na jedwali halijawahi kuliona bonde lako. Ili kupata ukali wa mvua unaohitajika, lazima ujue maji hutumia muda gani kutoka ncha ya mbali ya kidakio hadi darajani. Hapo wengi huchukua kanuni ya Kirpich ya mwaka 1940, iliyotokana na vipimo vya vidakio vidogo vya mashamba huko Tennessee, Marekani, ambavyo kikubwa chao kilikuwa hekta 45 hivi. Leo kanuni hiyo hutumiwa kwenye vidakio vyenye ukubwa mara ishirini au thelathini ya hapo, vyenye misitu, mawe na vinamasi, na mara nyingi hakuna anayeuliza. Ni sawa na kuvaa suti iliyoshonwa kwa vipimo vya mtu mwingine na kushangaa mabega yanabana.

Mkopo mkubwa kuliko yote ni namba ya mtiririko (kwa Kiingereza "curve number") iliyobuniwa na idara ya hifadhi ya udongo ya Wizara ya Kilimo ya Marekani miaka ya 1950. Ardhi hupewa namba isiyozidi 100 kulingana na aina ya udongo na matumizi yake. Namba ikiwa kubwa, maji mengi hutiririka juu ya ardhi. Ikiwa ndogo, mengi huzama. Karibu kila programu ya kompyuta ya kukadiria mafuriko ya vijito ina njia hii ndani yake. Hebu tuifanyie hesabu, maana hapa ndipo jambo zima lilipo.

Chukua kidakio cha kilomita za mraba 12 na mvua ya milimita 80 kwa siku moja. Mhandisi wa kwanza anatembea, anaona mashamba yaliyotunzwa na udongo wa wastani, anaandika 75. Hesabu inampa milimita 27 za maji ya kutiririka, sawa na mita za ujazo 323,000. Mhandisi wa pili anapita bonde hilohilo wiki tatu baadaye, anaona malisho yamechakaa na udongo umeshikana kwa kwato, anaandika 85. Yeye anapata milimita 44, yaani mita za ujazo 523,000 hivi. Mvua ni ileile, bonde ni lilelile, ila wametofautiana kwa mita za ujazo 200,000. Hakuna aliyekosea kwa namna ambayo mkaguzi angeweza kuithibitisha. Jedwali linawaruhusu wote wawili.

Kuna la kuongeza. Namba hiyo hubadilika kulingana na unyevu uliomo ardhini kabla ya mvua kuanza. Jedwali la asili linasema 75 ya hali ya kawaida hushuka hadi 57 udongo ukiwa mkavu na kupanda hadi 88 ukiwa umeshiba. Weka namba hizo mbili kwenye mvua yetu ya milimita 80: udongo mkavu unatoa milimita 7 na ushei, ulioshiba unatoa karibu 50. Tofauti ni karibu mara saba. Mkulima yeyote anajua kwamba mvua ya kwanza ya msimu humezwa na ardhi, ilhali ya mwisho wa msimu hupita moja kwa moja. Mchoro wa bwawa, hata hivyo, huchorwa kwa namba moja. Tena njia hiyo inachukulia kwamba sehemu ya moja kwa tano ya uwezo wa ardhi kuhifadhi maji hujazwa kwanza kabla tone lolote halijatiririka. Wataalamu wa Marekani waliorudia kuchambua data nyingi na kuchapisha matokeo yao mwaka 2003 waliona kwamba 0.05 inalingana na uhalisia kuliko hiyo 0.2. Kwa maneno mengine, hata wenye jedwali wamekuwa wakilishuku, wakati sisi wa mbali tunalinukuu kama msahafu.

Sasa niguse jambo ambalo watu hulishikilia kwa imani kubwa zaidi: miti. Husemwa kwamba kijito kinafurika kwa sababu msitu umekatwa, basi tupande miti na mafuriko yatakoma. Mara nyingi kuna ukweli ndani yake. Lakini mwaka 1958 watafiti wa Afrika Mashariki walianza kupima vidakio viwili vidogo kwenye safu ya Mbeya, Tanzania, kimoja chenye msitu wa asili na kingine kinacholimwa na wakulima wadogo kwenye miteremko mikali. Wangetegemea shamba litoe mafuriko na ukame, na msitu utoe maji taratibu mwaka mzima. Vipimo vya miaka kumi vilionyesha kwamba kidakio cha mashamba kilitoa maji mengi zaidi, hata wakati wa kiangazi, na mtiririko wa juu ya ardhi ulikuwa mdogo. Sababu ilikuwa udongo. Ule ni udongo wa majivu ya volkano, wenye matundu mengi, unaomeza mvua haraka hata ukilimwa, wakati mazao hunywa maji machache kuliko msitu.

Matokeo hayo si ruhusa ya kukata misitu. Kwenye udongo mwembamba juu ya mwamba, au udongo wa mfinyanzi unaoziba baada ya matone machache, kilimo hichohicho kingeleta maafa. Funzo lenyewe ni finyu zaidi na lina manufaa zaidi: kabla hujasema nini kinasababisha mafuriko ya kijito chako, uliza udongo wako unamezaje maji. Watu wa Mbeya hawakubishana juu ya hilo ofisini. Walichimba vituo vya kupimia na kungoja.

Nyuma ya swali hilo kuna ugomvi wa zamani wa wataalamu wenyewe. Robert Horton, mtaalamu wa maji wa Marekani, mwaka 1933 alieleza kwamba mafuriko huja mvua inapozidi kasi ya udongo kumeza. Maji yanayobaki hutambaa juu ya ardhi kila mahali kwenye mteremko na kukimbilia kijito. Maelezo hayo yalitawala vitabu kwa miaka mingi. Lakini watu waliokwenda msituni wakati mvua inanyesha hawakuyaona maji hayo. John Hewlett na Alden Hibbert, waliofanya kazi kwenye maabara ya utafiti wa misitu na maji ya Coweeta huko North Carolina, Marekani, walieleza mwaka 1967 kwamba maji mengi ya kijito hutoka kwenye ukanda mwembamba wa ardhi iliyoshiba kando ya mkondo, ukanda unaopanuka mvua ikiendelea na kusinyaa ikikoma. Mwaka 1970 Thomas Dunne na Richard Black wakaonyesha, katika jimbo la Vermont, kwamba kwenye ardhi hiyo iliyoshiba, mvua hutiririka hata ikiwa nyepesi, kwa kuwa udongo hauna tena nafasi.

Ugomvi huu una bei kwa mwenye shamba. Kama kijito chako ni cha aina ya Horton, yaani ardhi ngumu iliyokanyagwa na isiyo na majani, basi matuta ya kontua, nyasi na kupumzisha malisho juu ya mlima vitapunguza mafuriko kweli. Kama ni cha aina ya Dunne, kazi yote hiyo ya mlimani itagusa kilele cha mafuriko kidogo sana, kwa sababu maji yanatoka bondeni kwenye kinamasi, na afadhali ungekiacha kinamasi kibaki kinamasi badala ya kukichimbia mitaro ya kukikausha. Fedha ni zilezile, mahali pa kuziweka panatofautiana. Njia ya kujua ni kuvaa buti na koti la mvua, ukatembea kwenye mteremko wakati inanyesha, uangalie maji yanatokea wapi. Mara nyingi utakuta chanzo cha tatu kisichoandikwa kwenye ramani: barabara ya vumbi, njia ya ng'ombe na mtaro wa pembeni, ambavyo hukusanya maji kutoka eneo pana na kuyafikisha kijitoni kwa dakika badala ya saa. Programu ya kompyuta inayosoma ramani ya udongo haitaiona njia ya ng'ombe.

Baada ya udongo inakuja mvua, na hapa uvivu umezoeleka zaidi. Ripoti nyingi hutumia kituo cha mvua kilicho mji wa karibu, labda kilomita thelathini kutoka kidakio. Tarehe 16 Agosti 2004 kijiji cha Boscastle, kusini-magharibi mwa Uingereza, kilipigwa na mafuriko ya kijito chenye kidakio cha kilomita za mraba 20 tu. Kipimamvua cha Otterham, jirani na chanzo cha kijito hicho, kilisoma milimita 200 siku hiyo, nyingi zikiwa zimenyesha ndani ya saa chache za mchana. Lakini kati ya vipimamvua kumi vilivyo karibu zaidi, vinne vilisoma chini ya milimita 3. Watu wapatao 100 waliokolewa kwa helikopta, na kwa bahati hakuna aliyefariki. Fikiria sasa kidakio kama hicho mahali ambapo kipimamvua pekee cha wilaya ni kimojawapo cha vile vinne. Rekodi ingeonyesha siku ya kawaida, na mafuriko yangeandikwa kuwa yametokana na "uzembe wa wananchi kujenga bondeni". Boscastle ilifundisha jambo jingine pia: miti na magari vilivyosombwa vilinasa darajani na kuligeuza bwawa. Hesabu ya tundu la daraja iliyofanywa kwa maji matupu haina maana siku ambayo maji yamebeba magogo.

Vipimamvua vitatu kwenye kidakio cha kilomita za mraba 12 si anasa: kimoja juu, kimoja katikati, kimoja chini. Mwalimu, mhudumu wa zahanati au mwenye duka anaweza kukisoma saa tatu kila asubuhi. Hata hivyo usomaji wa mara moja kwa siku hausemi kama milimita 80 zilinyesha kwa saa moja au kwa kumi na nne, na kwa kijito tofauti hiyo ndiyo kila kitu, kwa hiyo angalau kimoja kiwe cha kujirekodi chenyewe.

Kupima maji yenyewe ndiko kunakodhaniwa kuwa kugumu, na hapo ningependa kukaa kidogo. Kilele cha mafuriko ya kijito kinaweza kutokea usiku, kwenye mvua, na hakuna mtu mwenye akili atakayesimama kingoni na tochi. Kuna chombo kinachofanya kazi hiyo ambacho fundi yeyote wa kuchomelea anaweza kukitengeneza. Ni bomba la chuma la inchi mbili lililosimamishwa wima kwenye nguzo ya daraja, chini limetobolewa matundu, juu lina kifuniko chenye tundu la hewa. Ndani yake kuna ufito wa mbao ulionyooka, na chini kabisa yamemwagwa makombo laini ya koki, ile inayotengenezewa vizibo vya chupa. Maji yakipanda, koki inaelea nayo. Yakishuka, koki inabaki imeganda kwenye ufito pale yalipofikia. Asubuhi msomaji anafungua kifuniko, anachomoa ufito, anapima kutoka chini hadi kwenye mstari wa koki, anaandika, anaufuta, anaurudisha. Mashirika ya maji ya nchi tajiri yametumia chombo hiki kwa miongo mingi na bado wanacho. Hakina betri ya kuibwa.

Kina peke yake hakitoshi, kwa sababu bwawa na kalavati huhesabiwa kwa mita za ujazo kwa sekunde. Kwa hiyo, maji yakiwa ya kiasi, mtu hupima upana na kina cha mkondo, hutupa kitu kinachoelea, huhesabu sekunde za kupita umbali uliopimwa, kisha huzidisha kasi hiyo kwa 0.85 hivi kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Kwenye kijito chenye mawe na mapovu, ndoo ya maji ya chumvi iliyomwagwa juu na kifaa cha kupima upitishaji wa umeme chini hutoa jibu bora zaidi. Ukirudia kwenye vina tofauti unapata mchoro unaooanisha kina na kiasi cha maji. Sehemu ya juu kabisa ya mchoro, ile ya mafuriko makubwa, karibu daima ni mstari uliorefushwa kwa kukisia. Hapo ndipo hupimwa alama za takataka zilizonasa kwenye ua na miti baada ya maji kushuka, na hesabu ya Manning ikaingia, ile inayokadiria kasi ya maji kutokana na mteremko na umbo la mkondo, ambayo nayo inahitaji namba ya ukwaruzo wa mkondo: 0.03 kwa mkondo safi, na hata 0.06 au zaidi ukiwa umejaa vichaka. Ukikosea kati ya hizo mbili umezidisha au umegawa maji kwa mbili. Ndiyo maana napenda ripoti zinazosema "kati ya mita za ujazo 18 na 35 kwa sekunde" kuliko zinazosema "26.4". Desimali ile hudanganya.

Hadi hapa nimezungumzia kiasi. Kinachosahaulika zaidi ni muda, na muda ndio unaofanya kazi nzuri igeuke madhara.

Tuseme kijito kina matawi mawili yanayokutana juu kidogo ya kijiji. Tawi fupi la chini hufikisha kilele chake saa moja na nusu baada ya mvua. Tawi refu la juu hufika saa ya tatu. Maji ya tawi fupi yanakuwa yamekwisha kupita wakati ya tawi refu yanafika, na kijiji kinanusurika kwa sababu hiyo tu, bila mtu kujua. Anakuja mfadhili, anajenga bwawa la kuzuia mafuriko kwenye tawi fupi kwa kuwa ndilo lenye eneo zuri na barabara. Bwawa linafanya kazi yake sawasawa: linapunguza kilele cha tawi fupi na kukichelewesha hadi saa ya tatu. Kilele hicho, ingawa ni kidogo kuliko zamani, sasa kinakutana uso kwa uso na kile cha tawi refu, na kijiji kinafurika kuliko mwanzo. Ukilichukua bwawa peke yake hulioni kosa. Kosa linaonekana ukiwa na vipimo viwili vya kina, kimoja kwa kila tawi, na saa.

Katapila lililonyoosha kona hufanya jambo hilohilo kwa upande wa pili. Mkondo mfupi na mnyoofu hukimbiza maji, kilele kinakuwa kirefu na cha mapema, na tuta linaunyima mkondo ile ardhi tambarare ambayo zamani ililala chini ya maji kwa saa kadhaa na kuyaachia polepole. Shamba la juu limepona. Anayelipa ni wa chini, ambaye hakuwa kikaoni.

Kwa upande wa mafanikio, mji mdogo wa Pickering huko Yorkshire, Uingereza, ulifurika mara nne kati ya mwaka 1999 na 2007. Ukuta wa kuzuia maji ulionekana kuwa ghali mno ukilinganisha na nyumba zilizolindwa. Kuanzia mwaka 2009 waligeukia juu ya kidakio: wakaweka vizuizi vya magogo vinavyopitisha maji taratibu kwenye vijito vya msituni, wakaziba mitaro ya nyika, wakapanda miti, na wakajenga tuta la kuhifadhi mita za ujazo 120,000 za mafuriko juu ya mji. Mvua kubwa ya Desemba 2015 ilipokuja, uchambuzi ulikadiria kwamba kilele kilipungua kwa asilimia 15 hadi 20, na mji haukufurika. Wapenzi wa "njia za asili" huitaja Pickering kila mahali. Wanachokiruka ni kwamba kasi ya maji na kina vilikuwa vikipimwa kabla na baada, vizuizi viliwekwa baada ya modeli kuonyesha ni vijito vipi vikicheleweshwa havitakutana vibaya na vingine, na kwamba karibu nusu ya punguzo hilo lilitokana na tuta la kawaida la kihandisi. Magogo peke yake, yakitupwa popote, hayana uchawi.

Marekani nayo ina funzo lake, la miaka mingi zaidi. Bwawa dogo la kwanza la mpango wake wa kudhibiti mafuriko kwenye vijito vya mashambani lilikamilika mwaka 1948 kwenye kijito cha Cloud Creek, Oklahoma. Sheria ya mwaka 1954 ikauongeza mpango huo nguvu, hata leo mabwawa ya aina hiyo ni zaidi ya 11,000. Mengi yamefanya kazi vizuri. Mengi pia yalipangiwa umri wa miaka 50, mashapo yamekuwa yakiyajaza, na chini ya baadhi yake, palipokuwa malisho matupu, sasa pana nyumba zilizojengwa kwa kuliamini bwawa. Kwa hiyo utafiti wa kidakio usiopima tope linaloletwa na kila mafuriko umefanya nusu ya kazi. Chupa ya maji machafu iliyochotwa wakati wa mafuriko, ikakaushwa na kupimwa uzito, ingetosha kuanzia.

Sasa lile jibu: watu hawana muda wa kungoja. Ni kweli kwamba hakuna utafiti wa misimu miwili utakaokamata mafuriko ya miaka 100, na mimi sidai hivyo. Hata hilo jina lenyewe linapotosha, kwa kuwa maana yake ni uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, ambao kwa nyumba itakayokaa miaka 30 ni asilimia 26, karibu moja kati ya nne. Misimu miwili ya vipimo hutoa kitu kingine. Mvua kumi au kumi na tano za kawaida, zikipimwa pamoja na maji yaliyopita, zinaonyesha kama bonde hili ni la 65, la 75 au la 85; zinaonyesha kilele huchukua dakika ngapi kufika; zinaonyesha tawi lipi hutangulia. Hiyo haimalizi shaka yote, lakini inaziondoa mezani namba mbaya zaidi. Kwa mvua ya milimita 80 tuliyohesabu, kutoka 65 hadi 85 ni kutoka milimita 15 hadi 44.

Na wakati wa kungoja watu hawakai mikono mitupu. Makalavati yanazibuliwa. Alama za mafuriko ya zamani zinapimwa kwa wazee kabla hawajaondoka nazo. Mtu wa juu ya bonde anapewa simu na namba ya kupiga maji yakifika kwenye rangi nyekundu ya ubao. Nyumba iliyo kwenye mdomo wa mkondo inahamishwa, maana hiyo haihitaji hesabu. Ikibidi kujenga kalavati la dharura kabla ya data, basi njia ya kukopa iwe angalau ya karibu: miaka ya 1970 maabara ya Uingereza ya utafiti wa barabara ilitengeneza modeli ya mafuriko ya Afrika Mashariki kutokana na vidakio vidogo vya Kenya na Uganda vilivyopimwa kweli, na mhandisi wa ukanda huu anayeruka moja kwa moja hadi Tennessee ana maswali ya kujibu.

Nina wasiwasi mmoja na hoja yangu mwenyewe: neno "utafiti" limekuwa maficho. Kuna vijito vilivyoandikiwa ripoti tatu au nne na washauri tofauti, kila ripoti ikianza na ramani ileile ya setelaiti na namba zilezile za jedwali, na hakuna hata moja iliyoacha bomba la koki kwenye nguzo ya daraja. Hizo si tafiti ninazozitetea. Njia rahisi ya kuzitofautisha ni kusoma hadidu za rejea kabla ya kusaini. Zidai vipimo vya uwanjani na ziseme vingapi na wapi. Zidai data ghafi zikabidhiwe kwa kijiji na kwa ofisi ya bonde, kwenye daftari na kwenye faili, zisibaki kwenye kompyuta ya mshauri. Zidai makadirio yenye kiwango cha chini na cha juu. Na ziandike ni nani atakayeendelea kuchomoa ufito ule mwaka wa tatu, mshauri akiwa ameshaondoka, na posho yake inatoka fungu lipi. Kipengele hicho cha mwisho ndicho kinachofutwa kwanza bajeti inapobanwa, kwa hiyo ndicho cha kung'ang'ania mezani.